Benchi la Nyuma Huosha Vikombe

Alhamisi moja ya mwezi wa Juni, mwaka juzi, nilimpoteza mke wangu. Alikuwa amelazwa hospitalini siku chache tu kwa shinikizo la damu. Jioni ya mwisho aliniagiza nimpelekee leso yake ya kijani, na nisisahau kufunga mfereji wa kanisani, kwa sababu maji ya mtaa wetu wa Tena huja yakitaka yenyewe, na mfereji ukiachwa wazi utakuta viti vya plastiki vinaelea. Leso niliipeleka asubuhi, lakini nilikuwa nimechelewa. Mfereji nilikuwa nimeufunga.

Ninaandika haya kwa sababu wachungaji vijana hupita kwenye meza yangu pale soko la Kariokor, Nairobi, ambako siku za wiki nashona viatu vya ngozi na kukata akala za matairi, nao huniuliza jinsi ya kuongoza kanisa likawa na afya. Wameona kanisa letu dogo limekaa miaka mingi bila kugawanyika, na kwa upande huu wa mji hilo linashangaza watu. Mimi niliishia darasa la nane. Sina somo la kuwapa. Nina jambo lililotokea, na huwa nawaeleza hilo huku nikipiga misumari.

Kanisa letu ni la mabati, limebanwa katikati ya maghorofa mawili. Ghorofa ya kulia wanaanika nguo, na wakati wa maombi ya kimya husikika matone ya sabuni yakianguka juu ya paa. Ng'ambo ya barabara kuna kanisa jingine lenye spika kubwa kuliko mlango wetu. Zamani tulishindana nalo kwa kelele mpaka wapangaji wa pande zote mbili wakatuchukia kwa usawa. Mke wangu ndiye aliyemaliza vita hivyo. Alikwenda huko Jumatatu moja na kilo ya sukari, akakaa na mke wa mchungaji wao, wakapanga saa. Wao wakawa wanaimba sisi tukiwa kwenye matangazo, na sisi tukawa tunaimba wao wakiwa kwenye matangazo. Hakuna aliyewahi kupotea kwa kukosa matangazo.

Mimi ni mtu wa Murang'a, naye alikuwa mtu wa Machakos, na kanisa lilikuwa hivyo hivyo: nusu ni familia zilizotoka upande wetu, mafundi na wenye biashara, nusu ni familia za Ukambani, makarani na madereva, pamoja na wengine wachache waliovumilia utani wetu. Kanisa lina katiba. Mzee wa kanisa, dereva wa basi aliyestaafu, aliiweka mahali salama sana, hata yeye mwenyewe hapakumbuki. Sheria tulizozifuata zilikuwa mbili, zote za mke wangu. Anayefika baada ya wimbo wa kwanza hukaa benchi la nyuma, na benchi la nyuma ndilo huosha vikombe baada ya chai. Na pale kwenye karai la vikombe lugha ni Kiswahili, asije mtu akadhani anasengenywa kwa Kikuyu au kwa Kikamba.

Kila Jumapili baada ya ibada mimi nilisimama mlangoni nikawasalimu watu kwa mkono. "Tumebarikiwa, Mchungaji," kila mtu aliniambia, hata wale niliowaona wakisinzia. Yeye wakati huo alikuwa nyuma ya kanisa, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaosha vikombe pamoja na waliochelewa. Usiku kabla ya kulala alikuwa akiniambia, "Kesho pitia kwa fulani, umjulie hali." Hakuniambia kwa nini. Hakuwa mtu wa kubeba maneno ya watu, hata kuyaleta kitandani hakuyaleta. Mimi nilikwenda, mtu akafungua mlango akashangaa. "Mchungaji, ulijuaje?" Nilisema ni Roho. Ilikuwa ni mke wangu, ingawa sioni kwa nini wasiwe wote wawili.

Sasa nifike kwenye msiba wenyewe.

Kwetu mtu akifiwa, watu huja nyumbani kila jioni mpaka siku ya mazishi. Huimba, huomba, mtu mmoja hutoa neno la faraja, kisha hunywa chai na kupanga safari. Mimi nimeongoza jioni kama hizo katika nyumba nyingi sana, Tena, Umoja, hata huko Eastleigh. Naijua kazi hiyo kama ninavyojua kushona.

Jioni ya kwanza nyumba yangu ilijaa mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi. Ninaishi ghorofa ya nne, vyumba viwili. Wakaimba vizuri. Wimbo ukaisha.  Mzee wa kanisa akakohoa, akasimama.

"Wapendwa," akasema, "sasa tumkaribishe mchungaji wetu atupe neno la faraja."

Niligeuka kutazama ni mchungaji gani aliyekuja. Hakukuwa na mwingine. Basi nikasimama, nikachukua Biblia, nikawafariji. Niliwaambia juu ya Lazaro. Akina mama walilia, nikawangoja watulie, nikaendelea. Jioni ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu, mpaka tukamzika. Mama mmoja akishuka ngazi aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema, "Mchungaji, asante. Tulikuwa tumekufa moyo kabisa, lakini umetutia nguvu."

Nikamwambia, "Karibu tena kesho."

Siwalaumu. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba kila jioni walianza kubishana tangu langoni ni nani atakayetoa neno. Mmoja alimsukumia mwenzake, mwenzake akamsukumia mwingine, nani atahubiri mbele ya mchungaji, na kufika ghorofa ya nne wote walikuwa wameishiwa pumzi na ujasiri pia. Nadhani ni watu wetu tu wanaoweza kukosea hivyo, kwa heshima tupu. Huwa nawaambia vijana: siku yako ikifika, kaa chini, na ukikaribishwa utoe neno, kataa. Wananiitikia kwa kichwa, lakini naona hawanisikii.

Baada ya mazishi kikaja chakula. Familia za kwetu zilileta githeri, familia za Ukambani zikaleta muthokoi. Kwa asiyejua, mahindi ni yale yale na maharagwe ni yale yale, tofauti ni kwamba githeri hupikwa na maganda yake na muthokoi hutwangwa kwanza yakatoka. Kwa tofauti hiyo watu wako tayari kununiana. Kila upande ulipokuja kuchukua sufuria lake ulilichungulia ndani.

"Mchungaji, naona hii ya kwetu umeibakisha."

"Nimekula, dada. Nimekula sana."

"Ile ya wenzetu lakini imeisha."

Basi nikawa nakula zote nikazimaliza, kwa ajili ya umoja wa kanisa. Watu husema msiba humkondesha mtu. Mimi nilitoboa tundu jipya kwenye mshipi wangu, na halikuwa la kuukaza.

Kwa nje yote yalionekana kwenda sawa. Nilihubiri kila Jumapili, na nilihubiri vizuri. Hilo ndilo lililonitisha. Maneno yalitoka yenyewe kama maji ya mfereji aliousahau mtu, na mimi nilikuwa mahali pengine. Mlangoni mama mmoja aliniambia, "Mchungaji, lile jambo lilikwisha vizuri, Mungu ni mwema," nikatabasamu na kusema amina, na sikujua ni jambo gani. Wiki iliyofuata baba mmoja akaacha kuja, nikakaa nikifikiri nianzie wapi, maana hapakuwa na wa kuniambia kabla ya kulala, "Kesho pitia kwa fulani." Nilielewa kwamba mimi nilikuwa nahubiri katika kanisa alilolichunga mtu mwingine. Na mtu huyo tumemzika Murang'a, chini ya parachichi.

Mwezi wa Agosti nilimwita mzee wa kanisa kwenye meza yangu Kariokor. Aliketi kwenye kigoda cha wateja, akavua kiatu kimoja ili aonekane ana shida ya soli.

"Mzee," nikamwambia, "mimi nimefika mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"Wa kazi hii. Jumapili ya mwisho ya mwezi, wakati wa matangazo, nitawaambia watu. Mtafute mchungaji mwingine. Mimi nitarudi nyumbani nipande kabeji."

Alikigeuza kile kiatu mkononi. "Wewe hujawahi kupanda hata sukuma wiki kwenye mkebe."

"Nitajifunza."

"Zitakufa, Mchungaji. Kabeji ina mambo mengi."

"Basi zife."

Alivaa kiatu chake, akafunga kamba polepole. "Nani mwingine anajua?"

"Ni wewe tu."

"Vizuri. Liache hapo hapo. Siku hiyo matangazo nitayasoma mimi, halafu nikukaribishe. Wewe njoo tu kanisani."

Nilimwamini, na kwa kweli alijitahidi. Lakini jioni hiyo alipitia kibanda cha mboga cha mwenyekiti wa akina mama, Mkamba mmoja mnene mwenye sauti ya kuamrisha jeshi, na kabla vitunguu vyake havijatiwa kwenye mfuko alikuwa ameshamweleza yote.

Ikafika Jumapili ya mwisho. Niliamka mapema. Nilipiga pasi shati jeupe mwenyewe, nikaunguza kola kidogo upande usioonekana. Maneno ya kuaga nilikuwa nayo kichwani, machache. Nilitaka niwahi, nikae mbele kama kawaida, niseme, niondoke.

Mlango ukabishwa. Walikuwa akina mama wawili wa kwetu na sufuria la githeri, bado la moto, limefunikwa kwa kitambaa.

"Mchungaji, hatukutaka uhubiri na njaa."

"Asanteni, nitakula nikirudi."

"Aa, hapana. Hii ikipoa inaharibika. Tunakungoja, tutarudi na sufuria."

Wakaketi. Unawezaje kumwambia mtu aliyepanda ngazi za ghorofa nne na sufuria kichwani ashuke nalo? Nikala, nikamaliza. Walipokuwa wakiondoka walipishana kwenye ngazi na akina mama wengine wawili waliokuwa wakipanda na muthokoi.

"Kumbe umeshakula kwa wenzetu," wakasema, wakitazama sahani.

"Kidogo tu."

"Basi na kwetu kidogo tu."

Walinipakulia mlima. Nilikula nikitazama saa ya ukutani, na ilikuwa inakwenda vizuri kuliko mimi. Nilipofika kanisani, nikiwa nimeshika tumbo na Biblia, nilisikia tayari wanaimba, na haukuwa wimbo wa kwanza.

Mlangoni alisimama mwenyekiti wa akina mama, amejifunga leso kiunoni.

"Karibu, Mchungaji," akasema. "Benchi la nyuma."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mama, mimi ndiye ninayehubiri."

"Nakujua vizuri. Wimbo huu ni wa tatu."

"Lakini nimechelewa kwa sababu ya chakula chenu!"

"Hapo nyuma kila mtu ana sababu. Muulize huyo."

Huyo alikuwa binti mmoja anayelinda usiku kwenye jengo la maduka huko Eastleigh. Hutoka zamu asubuhi na kuja kanisani moja kwa moja, na sare yake huwa imefichwa chini ya sweta. Tangu ajiunge nasi sijawahi kumwona akikaa mahali pengine. Alijisogeza akapiga ubao kwa kiganja.

"Sasa, Pasta. Karibu kwetu. Leo umeingia boksi, umenaswa kama sisi."

Nikaketi. Watu wa mbele wakageuka kutazama, wakageukia mbele tena mabega yakitikisika. Wazo langu la kwanza nikiwa pale lilikuwa juu ya nguzo. Kuna nguzo ya mbao inayoshikilia paa letu, nami nimeitazama kutoka mimbarini miaka yote bila kuifikiria. Ukikaa benchi la nyuma, nguzo hiyo inasimama mahali pale pale anaposimama mhubiri.

"Huwa mnaniona kweli?" nikamnong'oneza yule binti.

"Tunaona mkono," akasema. "Ukikasirika tunaona yote miwili."

Hii ni nasaha moja ninayompa kila mchungaji kijana, na hata yule asiyesikia nyingine huikumbuka: kabla hujalalamika kwamba watu wa nyuma hawasikilizi, nenda ukae huko.

Mzee wa kanisa akasimama kwa matangazo.  Alisoma mazoezi ya kwaya, akasoma juu ya mwavuli uliosahaulika, akasoma juu ya zamu ya kufagia. Kisha akakunja karatasi, akavua miwani.

"Kulikuwa na tangazo moja zaidi," akasema, "ambalo mchungaji alitaka kulitoa mwenyewe. Lakini naona mchungaji amekaa benchi la nyuma. Na watu wa benchi la nyuma hawatoi matangazo. Amina?"

"Amina!" wakaitikia, wakicheka, bila kujua wameitikia nini. Mimi nilibaki na maneno yangu ya kuaga mdomoni kama mtu aliyepewa chai ya moto sana.

Ndipo mwenyekiti wa akina mama akatoka mlangoni, akapita katikati ya viti mpaka mbele. Hakupanda mimbarini. Alisimama kando yake na kuushika ubao wake kwa mkono mmoja, kama anavyoshika kibanda chake.

"Mimi si mhubiri," akasema. "Mnanijua, mimi ni wa vitunguu. Lakini leo mchungaji ni mfiwa. Tulikwenda kwake kila jioni tukamwacha atufariji, tukanywa na chai yake, tukashuka. Mimi nilikuwa pale na nilinyamaza, kwa sababu niliogopa kukosea aya. Leo nitakosea."

Akaeleza habari za Eliya, alivyochoka, akaenda jangwani, akaketi chini ya mti na kumwambia Mungu inatosha, hataki tena kazi hii. Alieleza kwa namna yake. "Na Mungu akamtumia malaika," akasema. "Sasa sikilizeni. Malaika hakuja na mahubiri. Hakumwambia, mtumishi, jikaze. Alimwambia, amka ule. Akala, akalala. Malaika hakuchoka, akamwamsha tena, kula. Akala tena. Mara mbili! Kama mchungaji wetu asubuhi ya leo."

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Hapo ndipo nilipojua kwamba masufuria yale mawili hayakupanda ngazi yenyewe. Nilimtafuta mzee wa kanisa kwa macho, naye alikuwa anachunguza dari.

"Baada ya kula," mama akaendelea, na sauti yake ya jeshi ikashuka, "ndipo Mungu alipomwuliza, unafanya nini hapa? Hakumwuliza kabla. Basi na sisi hatumwulizi mchungaji kitu leo. Tunataka tu akae, tumshukuru Mungu kwa ajili ya mke wake, kwa sababu hatukufanya hivyo vizuri. Tulimwacha mchungaji afanye peke yake."

Wakasimama wote. Alianza yeye, wakafuata wengine, kila mtu kwa sauti yake, wakimshukuru Mungu kwa ajili ya mke wangu. Sikuongoza. Nilisikia mambo ambayo sikuyajua. Mmoja alishukuru kwa siku aliyopelekwa kliniki, mwingine kwa kupatanishwa na mkwe, mwingine kwa viatu vya shule, nami nikakumbuka jozi moja ya viatu vya watoto iliyopotea mezani kwangu, na nikaacha kuitafuta. Nililia kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa Juni. Nililia kwa sauti, na matone ya nguo za ghorofani yalianguka juu ya bati, na ng'ambo ya barabara wenzetu walikuwa kwenye matangazo yao, kimya. Binti wa benchi alinipa kitambaa chake. Kilikuwa na makombo ya biskuti.

Ibada ilipoisha hakuna aliyesimama mlangoni kusalimu. Watu walikuja benchi la nyuma, mmoja mmoja, wakanishika mkono. Hakuna aliyesema amebarikiwa. Walisema pole. Ni neno dogo, na nilikuwa sijalipata vizuri, kwa kuwa kila mara walipolianza mimi niliwajibu kwa aya.

Kisha tukanywa chai, na baada ya chai mwenyekiti wa akina mama aliniletea aproni yenye maua.

"Mama, hata leo?"

"Sheria ni ya mke wako. Ukitaka kuibadilisha, nenda ukaongee naye."

Nikakunja mikono ya shati. Nyuma ya kanisa kulikuwa na makarai mawili, moja la sabuni na moja la kusuuza, na jerikeni za maji kando ya ukuta, na ile ndoo iliyopinduliwa. Benchi lilikuwa na watu wawili tu siku hiyo, mimi na binti wa ulinzi. Sikujua nikae wapi.

"Kaa hapo," akasema, akionyesha ndoo. "Mama mchungaji alikuwa anakaa hapo. Sisi tunasuuza."

Nikakaa. Tukaosha. Mimi huosha ngozi kabla ya kuikata, nilidhani najua kuosha. Kikombe ni kitu kingine.

"Mama alikuwa akiwauliza nini hapa?" nikamwuliza hatimaye. "Watu walimwambia mambo yao yote."

"Hakuwa na maswali mengi, Pasta. Alikuwa anauliza tu, umelala?"

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Ukisema ndiyo, anakuuliza lini."

Alicheka, nami nikacheka. Kisha nikamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikuwa nimeyaona, maana mlangoni watu hupita haraka, na yeye kila mara alikuwa huku nyuma.

"Na wewe," nikasema, "umelala?"

"Hapana, Pasta."

"Tangu lini?"

Akaweka kikombe chini, akaanza kunieleza. Aliyoniambia sitayaandika, ni ya pale kwenye karai. Nitasema tu kwamba sikutoa aya hata moja, na kwamba povu la sabuni lilikwisha kabisa ndani ya maji kabla hajamaliza, nami sikutia jingine.

Alipomaliza, mzee wa kanisa alitokea kwenye kona ya bati, mikono mgongoni.

"Mchungaji," akasema, "lile tangazo lako. Nililiacha kiporo. Niliweke Jumapili ijayo?"

"Mzee, huoni mikono yangu ina sabuni?"

"Naona."

"Basi hakuna tangazo. Ila Jumapili ijayo nitafutie mtu ang'oe ile nguzo, tuisogeze."

Akaitikia kwa kichwa, kwa uzito, kama dereva aliyeonyeshwa njia ambayo tayari alikuwa ameshaishika. "Kabeji zimepona," akasema, akaenda zake. Kutoka upande wa pili wa ukuta nikasikia sauti ya mwenyekiti wa akina mama ikimwuliza amesemaje, na yeye akimjibu kwa sauti ya chini, kisha kicheko cha wote wawili.

Binti alikuwa ameinua kikombe kimoja kutoka kwenye rundo langu, akakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia ndani.

"Pasta, hiki bado kina majani ya chai. Rudia."

Nikarudia.